Mbwa anayengoja nyumba yake: mwongozo kamili wa kumchukua mbwa wa kituo, Nakuru hadi Kisumu

Jumamosi asubuhi huwa ninajitolea katika kituo kidogo cha mbwa waliookolewa, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Mgeni akifika getini, swali lake la kwanza karibu kila mara ni lilelile: "Mko na mbwa mkali?" La pili ni kama kuna jamani shepadi. Wakati huo mbwa wamejazana kwenye wavu, mikia inapiga mabati, kila mmoja anataka aonekane yeye. Wale watatu wanne wanaobaki nyuma ya pipa la maji wakichungulia, hakuna anayewaulizia.

Chui alikuwa mmoja wao. Jike wa kienyeji, mwenye michirizi ya kahawia na nyeusi, sikio moja limesimama na lingine limelala. Alikaa kituoni mwaka mmoja na miezi miwili. Katika muda huo alichukuliwa mara mbili, na mara mbili akarudishwa. Mara ya kwanza walisema habweki. Mara ya pili alikuwa ameua kuku wa jirani. Mara zote mbili ni mimi niliyemshikia kamba mpaka kwenye gari, na nilifurahi tu kwamba ameondoka. Sikuuliza anakwenda kukaa wapi, na nani, saa ngapi za siku. Siku hizi nauliza. Hatua zifuatazo ndizo ningetaka wale watu wawili wazipitie, na mimi mwenyewe niwe nimezijua.

Hatua ya kwanza: ipime nyumba yako kabla ya kumtazama mbwa yeyote

Ukishamtazama mbwa machoni umechelewa, moyo umeshaamua. Kwa hiyo anza nyumbani.

Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kufika kituoni, na upate jibu lake kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha. Kwenye ploti ya milango kumi, zungumza na majirani pia, hasa wenye watoto wadogo na wenye kuku. Mbwa wengi wanaorudishwa hawana kosa lolote. Ni mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi akakuta kitu kinabweka.

Kisha zunguka ua wako ukiwa umechuchumaa, macho yakiwa usawa wa mbwa. Ua wa kayaba ukiutazama umesimama unaona ukuta wa miiba. Ukichuchumaa unaona mashimo chini ya mashina, ambamo kuku hupita, na mbwa wa kawaida akishapitisha kichwa na mabega atapita mzima. Angalia nafasi chini ya geti. Angalia kama geti linajifunga lenyewe au linategemea mtoto akumbuke.

Hesabu saa. Nani yuko nyumbani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni? Kama hakuna mtu, usichukue mtoto wa mbwa. Mtoto wa mbwa anataka kula mara tatu au nne kwa siku na hajui kukaa peke yake. Mbwa wa miaka mitano aliyezoea utulivu atalala kivulini mpaka urudi. Na kama una watoto wanaokimbiakimbia na kupiga kelele, yule mwoga wa nyuma ya pipa si wako, hata akikuhuzunisha namna gani. Mwache amngoje mtu mwingine.

Pesa pia. Chanjo ni kila mwaka. Dawa ya minyoo ni kila miezi mitatu hivi kwa mbwa mzima, ya kupe ni mara nyingi zaidi, na chakula ni kila siku. Mbwa wa kienyeji akitunzwa vizuri huishi miaka kumi na zaidi. Ukimchukua leo, mtoto wako wa darasa la kwanza atamwacha nyumbani akienda sekondari.

Kuhusu huyo "mbwa mkali"

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo mambo mengi yanapoharibikia.

Huku kwetu kila geti la pili au la tatu lina kibao cha "Mbwa Kali". Hakuna ubaya kutaka mlinzi. Ubaya ni njia ambayo wengi wanaamini ndiyo ya kumpata: mbwa afungiwe kwenye banda la giza mchana kutwa, asizoee watu, afunguliwe usiku. Wengine humlisha pilipili, wengine bangi. Pilipili inamuumiza tumbo, bangi inamtia sumu, na hakuna kati ya hizo inayomfunza kulinda. Mbwa aliyefungiwa hivyo haogopeshi mwizi kwa akili. Anaogopa kila kitu, na mbwa mwoga humuuma yule aliye karibu naye zaidi, yaani mtoto wa nyumbani au anayemletea chakula.

Ulinzi wa kweli ni rahisi kuliko huo. Mbwa akijua nyumba ni yake na watu ni wake, atabweka mgeni akikaribia, na kubweka ndiko unakohitaji usiku. Mbwa wa kienyeji ana masikio makali na usingizi mwepesi, na joto la Kisumu halimsumbui kama linavyomsumbua jamani shepadi mwenye manyoya mazito. Lakini hataanza siku ya kwanza. Atabweka akishaamini kwamba hapo ni kwake, na hilo linaweza kuchukua miezi. Yule aliyemrudisha Chui kwa sababu habweki alikuwa amekaa naye siku tisa.

Hatua ya pili: tafuta kituo, na ukubali kuulizwa maswali

Wengi wanaijua KSPCA ya Nairobi, shirika linalokinga wanyama dhidi ya ukatili. Huku kwetu vituo ni vidogo, na watu wengine huokoa mbwa nyumbani kwao bila kibao chochote barabarani. Njia nzuri ya kuwapata ni kumuuliza daktari wa mifugo anayetibu mbwa mjini kwako, au kuuliza ofisi ya mifugo ya kaunti. Madaktari hao wanajua nani anawaleta mbwa wa mitaani kuchanjwa na nani anawaza pesa tu.

Kituo kizuri kitakuuliza maswali mengi na huenda kikataka kuja kuona kwako. Usione kama unadharauliwa. Anayekupa mbwa kwa dakika tano, bila kuuliza geti lako likoje, atampa mtu yeyote.

Nawe uliza. Mbwa huyu alipatikana wapi? Amewahi kuchukuliwa akarudishwa, na kwa nini? Anakulaje mwenzake akiwa karibu? Amewahi kukaa na watoto, paka, kuku? Ngurumo za radi anazichukuliaje? Amehasiwa, au kama ni jike, amefungwa kizazi? Zaidi ya yote, muulize anayewalisha, si anayekaa ofisini. Yule wa sufuria na beleshi ndiye anayejua nani hulia usiku.

Hatua ya tatu: kaa naye

Mwalimu mstaafu kutoka upande wa Njoro alikuja akitafuta mbwa wa kumtolea upweke. Nilimwonyesha watatu wachangamfu. Akawapapasa, akawashukuru, kisha akaniuliza, "Na yule wa nyuma ya pipa?"

"Yule ni mwoga sana, Mwalimu. Hatakuja."

"Basi nitakaa tu."

Akageuza mtungi wa maji, akaukalia, ubavu wake ukiwa upande wa Chui, akafungua redio yake ndogo kwa sauti ya chini. Hakumwita wala hakumtazama. Baada ya kama nusu saa ncha ya mkia wa Chui ilisogea mara moja, ikatulia. Mzee akaondoka bila kumgusa. Jumamosi iliyofuata akarudi na redio ileile, na Chui akatoka nyuma ya pipa, akasimama hatua tatu kutoka kwake, akinusa hewa. Jumamosi ya tatu alinusa kiatu chake, kisha mkono, kisha akalala chini na kidevu chake kikaegemea kwenye soli.

Fanya kama yeye, hata kama mbwa wako si mwoga kiasi hicho. Kaa au chuchumaa ukimpa ubavu, usimwinamie kichwani, usimkazie macho. Acha yeye akufikie. Akishakuja, mguse kifuani au begani kwanza, si utosini. Na soma mwili wake: kupiga miayo bila usingizi, kulamba pua mara kwa mara, kugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, kuufyata mkia. Hayo ni maneno yake ya kusema "nipe nafasi". Akinguruma, rudi nyuma na usimwadhibu, kwa sababu mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila onyo.

Nenda zaidi ya mara moja. Kama una familia, wote waje angalau mara moja kabla hamjaamua.

Hatua ya nne: mkague

Fizi zake ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe, huenda ana minyoo mingi au homa ya kupe. Ndani ya masikio kusiwe na uchafu mweusi wala harufu. Tazama kati ya vidole vya miguu, maana hapo ndipo kupe hujificha, na maeneo mengi ya magharibi utakuta hata funza. Akiwa dume au jike, uvimbe unaotoa damu kwenye sehemu za siri ni ugonjwa wa kawaida kwa mbwa wa mitaani. Ni aina ya saratani inayoambukizwa wanapopandana, na mara nyingi hupona kabisa kwa sindano za kila wiki kwa wiki kadhaa. Usimkatae mbwa kwa ajili yake. Uliza tu kama matibabu yamekamilika.

Omba kadi ya chanjo na uisome tarehe. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa. Kwa watoto wa mbwa kuna pia chanjo ya parvo na ya distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa wadogo, inayoanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Mtoto wa mbwa akidungwa mara moja tu bado hajakingwa. Na kama mbwa aliyetangulia kwako alikufa kwa kuhara damu na kutapika, mwambie daktari kabla ya kuleta mtoto wa mbwa mwingine: virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka. Mchukue mbwa mzima aliyekamilisha chanjo badala yake.

Hatua ya tano: safari

Makondakta wengi wa matatu watakukatalia, na bodaboda ni hatari kwa mbwa na kwako. Kodi gari dogo au mwombe rafiki mwenye Probox. Asilishwe saa chache kabla ya safari, atatapika. Kutoka Nakuru hadi Kisumu ni safari ya saa nne hivi, basi simama mara moja apate maji na kukojoa, lakini usifungue mlango kabla kamba haijazungushwa mkononi mwako. Mfunge kola mbili, au kola pamoja na mkanda wa kifuani, kwa sababu mbwa aliyeshtuka hurudi kinyumenyume na kola moja huchomoka kichwani. Andika namba yako ya simu kwenye kola kwa wino usiofutika siku hiyohiyo. Mbwa wengi hupotea katika siku chache za kwanza, kabla hawajajua nyumba yao ni ipi. Beba pia kadi ya chanjo, na uombe kitambaa alichokuwa akilalia.

Hatua ya sita: siku tatu za kwanza

Mpe mahali pamoja padogo. Kona ya jikoni, veranda iliyofungwa, au banda lililoinuliwa kutoka ardhini, maana mvua za Machi hadi Mei zikinyesha sakafu inageuka tope. Banda la mabati matupu kwa jua la Kisumu ni tanuri, kwa hiyo liweke chini ya mti au uweke makuti juu. Julai ya Nakuru ni kinyume: anahitaji gunia kavu na ukuta wa kuzuia upepo.

Usimwogeshe. Usiwaite majirani waje kumwona. Mtoe kukojoa kwa kamba, hata ndani ya ua. Anaweza asile siku nzima au mbili, na hilo lisikutishe mradi anakunywa maji, ila mtoto wa mbwa asiyekula siku moja apelekwe kwa daktari. Watoto wakae naye chumba kimoja wakifanya mambo yao bila kumfuata.

Hatua ya saba: wiki tatu, chakula na kuku

Siku za kwanza mpe chakula kilekile alichokula kituoni, kisha badilisha polepole kwa muda wa wiki nzima. Chakula cha nyumbani kinafaa: ugali wa dona au wali, na omena au matumbo, na mboga kidogo. Omena ioshe vizuri mchanga utoke. Usitie kitunguu, wala usimpe mchuzi uliobaki ambao una kitunguu ndani, kwa sababu kinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali, na miiba ya ngege (samaki tilapia) hukwama kooni, basi vyote viende shimoni. Matumbo, maini na mapafu yachemshwe mpaka yaive kabisa. Viungo vibichi vyenye vifuko vya maji humwambukiza mbwa mnyoo mdogo, kisha mayai ya mnyoo huyo humfikia mtu kupitia kinyesi cha mbwa, na vifuko vikaota kwenye ini la mtu. Ndiyo sababu kinyesi kizikwe na watoto wanawe mikono.

Mzoeshe kula kwenye sahani yake tu, kutoka kwa mikono ya watu wa nyumbani. Mbwa anayeokota chochote kinachotupwa juu ya ua ndiye anayekufa kwa sumu.

Sasa kuku. Katika boma za magharibi kuku hutembea huru, na mbwa mmoja akiua kuku wawili, kijiji kizima kinajua kufikia jioni. Usimwachie akajifunze mwenyewe. Mfunge kamba ndefu, kaa naye mbali na kuku kiasi kwamba anawaona lakini bado anakusikia. Akiwatazama kisha akageuza macho kwako, mpe kipande cha omena papo hapo. Kila siku sogea hatua mbili. Chui alichukua wiki tano kwa mzee wa Njoro, na bado hakuachwa peke yake na vifaranga. Mbwa wengine hawaachi kamwe, na hao ni wa nyumba isiyo na kuku. Kumfunga kuku mfu shingoni, kama wazee wengine wanavyofanya, hakumfunzi kitu. Kunamtesa tu.

Ndani ya wiki hizo tatu mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, amwone akiwa mzima ili amjue. Dawa ya kupe nunua ya mbwa. Usimpulizie dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Nimemwona mbwa akitetemeka na kutokwa povu kwa ajili hiyo, na akafa. Kama hajahasiwa, panga tarehe. Jike hubeba mimba kwa siku sitini na tatu tu, na hao wanaojaza vituo wanatoka hapo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa usiiruke mwaka wowote. Karibu visa vyote vya binadamu, 99 kwa kila 100, vinatokana na mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Baadhi ya kaunti huchanja bila malipo karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya ugonjwa huo. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Asingoje kuona kama mbwa ataugua.

Miezi mitatu, na ikiwa haikuwezekana

Karibu na mwezi wa tatu utaanza kumjua mbwa uliyemchukua. Atalala chali. Atachagua mahali pake. Tabia zingine ngumu pia hujitokeza hapo kwa mara ya kwanza, kama kulinda sahani au kumfukuza mwendesha baiskeli, kwa sababu sasa ameacha kuogopa. Hizo hufundishika, na kituo kikusaidie. Mpigie simu yule wa sufuria na beleshi.

Lakini kama umejaribu na haiwezekani, mrudishe. Usimshushe karibu na hoteli za Salgaa, pale malori husimama barabarani, ukidhani atapata mabaki, wala usimwachie mtu wa kwanza anayemtaka. Kituoni hatutakugombeza. Utuambie ukweli wote, hata unaokuaibisha: alimuuma nani, alikimbilia wapi, alikuwa akilia saa ngapi, nini kilimtuliza. Kwa maneno hayo tutajua nyumba ipi imfae. Mlete na kola yake, kadi yake, na kile kitambaa alicholalia.